Uzi wa Sentimita Kumi na Saba

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya kusoma ramani na wanafunzi wa kidato cha tatu, huingia darasani nikiwa na uzi mweupe wa kushonea, mkasi, na atlasi chache ambazo majalada yake yameshikiliwa na gundi. Zoezi ni lile lile tangu nianze kufundisha jiografia hapa Mwanza. Kila kundi la wanafunzi wanne hutandaza ramani ya Tanzania yenye kipimio cha 1:5,000,000, huweka ncha moja ya uzi juu ya uwanja wa ndege wa Mwanza na ncha ya pili juu ya uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam, kisha huukata uzi na kuulaza kwenye rula. Wanaofanya kwa utulivu hupata sentimita 17, na kwa kuwa kila sentimita ya ramani hiyo ni kilomita 50 za ardhi, jibu lao ni kilomita 850. Wanaofanya kwa pupa hupata sentimita 15 au 19, nami huwarudisha waanze upya, kwa sababu kosa la sentimita mbili mezani ni kosa la kilomita 100 angani, ambalo linatosha kumshusha abiria wa Dar es Salaam katikati ya Bahari ya Hindi.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, msichana mkimya ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza swali, alinyanyua mkono baada ya kundi lake kupata jibu sahihi. Alisema kuwa kaka yake alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam kwa saa moja na dakika 25, na mama yake alisafiri mwezi uliofuata kwa saa mbili kasoro dakika tano, tena wote waliondoka uwanja huu huu na kutua uwanja ule ule. Kama uzi ni mmoja, aliuliza, kwa nini saa ni mbili? Nilimjibu kwa sentensi moja kuhusu aina za ndege, kengele ikalia, nikaenda nyumbani nikiwa na hakika kwamba sikuwa nimejibu hata nusu ya swali. Makala hii ni nusu iliyobaki, na imechukua muda kwa sababu ilinilazimu kuanza kuandika saa zangu mwenyewe kwenye daftari kila niliposafiri.

Tuanze na uzi wenyewe, kwa kuwa huo hauna ubishi. Uwanja wa Mwanza uko takriban nyuzi, yaani digrii, 2.44 kusini mwa ikweta na nyuzi 32.93 mashariki, uwanja wa Dar es Salaam uko nyuzi 6.88 kusini na nyuzi 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 4.43 hivi, na ya longitudo ni nyuzi 6.27. Karibu na ikweta, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote hukaribia kilomita 111, jambo ambalo ni neema kwa walimu wa ukanda huu, maana mwenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawezi kufanya hesabu hii bila kwanza kupunguza longitudo zake karibu nusu. Sisi tunapata kilomita kama 492 kwenda kusini na kilomita kama 694 kwenda mashariki, tunachora pembetatu, tunatumia kanuni ya Pythagoras, na ule upande mrefu unatoka kilomita 850 na ushei. Ukifanya hesabu kamili ya mzunguko wa dunia unapata takriban 852. Uzi wa kushonea na umbo la dunia vimekubaliana, na kwa kuwa marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, wao watasema ni maili 460 hivi.

Zikishapatikana hizo kilomita, mwanafunzi hudhani kazi imekwisha: gawanya kwa mwendo, pata muda. Ndipo mashine zinapoanza kutofautiana. Ndege ya jeti kama Airbus A220, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuipokea mwishoni mwa mwaka 2018, ikiwa juu husafiri kwa kilomita 800 na zaidi kwa saa. Ndege za pangaboi za aina ya ATR, ambazo watu wa Kanda ya Ziwa wamezizoea kwa miaka mingi, husafiri kwa kilomita 500 hivi kwa saa. Gawanya 852 kwa 830 unapata saa moja na dakika mbili. Gawanya kwa 500 unapata saa moja na dakika 42. Kaka alipanda jeti na mama alipanda pangaboi, na hilo ndilo lilikuwa jibu langu la sentensi moja.

Lakini hakuna tiketi inayoandika saa moja na dakika mbili, na hapa ndipo nilipopaswa kuendelea kabla ya kengele. Muda unaoandikwa na mashirika huanza ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu na kuacha mahali ilipoegeshwa, na huisha vizuizi vinaporudishwa upande wa pili. Katikati yake kuna kujivuta hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara, kupanda angani kwa mwendo ambao bado si ule wa kwenye vitabu, kushuka taratibu, na kuzunguka ili kuikabili njia ya kutua kwa upande ambao upepo unautaka. Mambo hayo huchukua dakika 20 hadi 30, na jambo la kuzingatia ni kwamba huchukua takriban muda ule ule iwe safari ni ndefu au fupi. Ningemwomba msomaji aishike sentensi hiyo, kwa sababu nitairudia nikifika Bukoba.

Kuhusu upepo sina mengi. Wanaosafiri kati ya Ulaya na Marekani huambiwa kuwa kwenda ni kurefu kuliko kurudi, kwa sababu ya mikondo mikali ya upepo wa juu inayovuma kutoka magharibi katika latitudo za kati. Kwetu, karibu na ikweta, upepo wa juu kwa kawaida ni mpole, na katika daftari langu tofauti ya kwenda Dar es Salaam na kurudi haijawahi kuzidi tofauti ya foleni ya ndege mbili zilizotaka kuruka kwa wakati mmoja.

Lenye uzito zaidi kuliko upepo ni saa zenyewe, maana Mswahili ana saa mbili kichwani na tiketi ina moja. Mama yangu mdogo, ambaye alikuwa hajawahi kupanda ndege, alinunuliwa tiketi na mwanawe ya kwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu. Tiketi ilisema 07:10. Alituambia wote kwa furaha kuwa ndege yake ni ya saa saba na dakika kumi mchana, na hakuna aliyeomba kuiona karatasi, kwa sababu saa saba mchana ni saa ya heshima ya kusafiri. Alifika uwanjani saa tano asubuhi, mapema kuliko alivyoagizwa, akiwa na boksi la sato waliogandishwa na kufungwa vizuri, akaambiwa kwamba ndege yake iliondoka saa moja na dakika kumi na kwamba abiria wenzake wameshatua zamani, wengine labda wako kwenye chai ya pili. Hakulia. Aliuliza swali ambalo sijapata kulisahau: kwa nini waandike saa ya Kizungu kwenye safari ya kutoka Mwanza kwenda Dar? Sato walirudi kwenye friji, na tangu siku hiyo mimi ndiye msomaji rasmi wa tiketi wa ukoo wetu.

Swali la mama mdogo lina mzizi wa kijiografia kuliko alivyodhani. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kutoka macheo na machweo, na hufanya kazi vizuri sana kule pwani ilikozaliwa. Saa rasmi ya Tanzania, ambayo iko saa tatu mbele ya ile ya kimataifa, imejengwa juu ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haukatizi hata kijiji kimoja cha nchi yetu, kwa kuwa unapita baharini mashariki yetu. Mwanza iko nyuzi 12 magharibi mwa mstari huo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo jua la Mwanza linachelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban dakika 48. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa jina lake ingepaswa kuwa saa ya macheo, hapa kwetu bado ni giza, na wauza chai wa stendi bado wanatumia taa. Kati ya Mwanza na Dar es Salaam kuna nyuzi 6.27 za longitudo, na kwa hiyo jua huchomoza na kuzama Mwanza wastani wa dakika 25 baada ya Dar es Salaam, ingawa saa za mikononi mwa watu wa miji yote miwili zinakubaliana kabisa.

Dakika 25 hizo huonekana wazi katika mwezi wa Ramadhani. Mwalimu mwenzangu alisafiri kutoka Dar es Salaam jioni akiwa amefunga, akiwa na tende tatu kwenye bahasha, na kwa kuwa alijua futari ya Dar es Salaam ni saa kumi na mbili na robo hivi, alidhani angezila angani robo saa baada ya kuruka. Lakini ndege ilikuwa ikielekea kaskazini-magharibi, na jua lilikuwa mbele yake upande wa kushoto, na kila alipotazama dirishani aliliona bado liko. Jua husafiri juu ya ikweta kwa mwendo wa kilomita 1,660 na zaidi kwa saa, ambao jeti ya abiria haiufikii, kwa hiyo hatimaye lilizama. Lakini ndege ilikuwa imelirefusha jioni lile kwa kulikimbilia, na tende zilifunguliwa wakati ndege ilipokuwa ikianza kushuka kuelekea uwanja wa Mwanza. Ananiambia kuwa hajawahi kufunga siku ndefu kama ile, nami humwambia kuwa ni kweli, na kwamba naweza kumwonyesha ubaoni.

Sasa nifike Bukoba, ambako ndiko swali la yule msichana liliponipeleka.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kemondo, kando ya ziwa, kama kilomita 20 kabla ya kufika mjini Bukoba kwa mtu anayetokea Muleba. Uzi wa kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi uwanja wa Bukoba, kwenye ramani ile ile, ni sentimita tatu na nusu, yaani kilomita 175 hivi, na karibu wote unalala juu ya maji. Ni mara tano fupi kuliko uzi wa Dar es Salaam, au tuseme karibu mara tano, kwa kuwa mwalimu hapaswi kuzidisha. Ratiba ilisema ndege ya asubuhi, saa mbili kamili, muda wa safari dakika 40. Nilimpigia dada simu nikamwambia saa tatu tutakuwa wote mezani kwa chai.

Daftari linasema hivi. Niliondoka nyumbani Nyegezi saa kumi na moja alfajiri. Nyegezi iko kusini mwa jiji na uwanja uko kaskazini, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kaskazini-magharibi ilianza kwa kulivuka jiji zima, Butimba, Mkuyuni, Igogo, mjini, Kirumba, Pasiansi, Ilemela, na hata barabara ikiwa tupu nilifika baada ya dakika 40. Mizigo ikapimwa, ukaguzi ukafanyika, nikaketi. Saa mbili kasoro dakika kumi shirika likatangaza kuwa hali ya hewa ya Bukoba si nzuri na kwamba tutapewa taarifa zaidi. Taarifa zaidi ilikuja baada ya saa moja, na ilikuwa ile ile. Niseme wazi kuwa malalamiko yangu dhidi ya shirika lile, ambalo halina haja ya kutajwa, si kwa sababu lilisubiri, bali kwa sababu halikueleza. Abiria walianza kunong'ona kwamba ndege ni mbovu, wakati maelezo ya kweli yalikuwa rahisi na yangewatuliza wote.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa. Hewa baridi ya nchi kavu hutelemka kuelekea majini kutoka pande zote za Ziwa Victoria, nalo ni ziwa la takriban kilomita za mraba 68,800. Hewa hizo hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na kujenga mawingu ya radi ambayo sisi tunaoishi Mwanza huyaona yakimetameta upande wa mbali usiku kucha huku kwetu nyota zikiwaka. Upepo wa jumla katika ukanda huu hutoka mashariki, kwa hiyo alfajiri mawingu hayo husukumwa kuelekea ufuko wa magharibi, na ufuko wa magharibi ndiko Bukoba iliko, mji ambao hupata mvua nyingi sana kuliko Mwanza. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni kabisa mwa maji na njia yake ni fupi. Rubani anayesubiri Mwanza hadi mawingu yaondoke anafanya kazi yake. Hakuna mtu wa Kagera anayehitaji kukumbushwa Novemba 6, 2022, wakati ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani asubuhi katika hali mbaya ya hewa, ikiwa inakwenda kutua Bukoba; watu 19 kati ya 43 walikufa, na waliotangulia kuwafikia walionusurika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Tuliruka saa tatu na dakika 40. Hapo nikashuhudia kwa macho ile sentensi niliyoomba ishikwe. Kilomita 175 kwa mwendo wa 500 kwa saa ni dakika 21, lakini tulitumia 40, kwa sababu ndege ilikuwa bado inapanda nilipoanza kufungua pakiti ya karanga, na ilikuwa imeanza kushuka nilipoimaliza. Nusu ya safari ilikuwa maandalizi. Tulitua saa nne na dakika 20, nikatoka na begi langu saa tano kasorobo, nikatafuta gari la kurudi Kemondo, kwa maana uwanja uko Bukoba mjini na mimi nilikuwa nimeshapitishwa, na gari likasubiri lijae. Nilifika kwa dada saa tano na dakika 40. Chai ilikuwa imepoa na kupashwa mara mbili. Saa sita na dakika 40 tangu nifunge mlango wa nyumba yangu, ambazo dakika 21 tu, ukizihesabu kwa ukali, ndizo zilizokuwa za umbali.

"Mwalimu wa ramani mzima," dada alisema, "unanidanganya saa tatu!"

Nilijitetea kwa hali ya hewa, na utetezi huo ulistahili saa moja na dakika 40. Lakini hata ukiuondoa ucheleweshaji wote, safari ile ingechukua saa tano kamili, na nilipoilinganisha na kurasa za nyuma za daftari nilipigwa na butwaa. Safari yangu ya kawaida ya kwenda Dar es Salaam, kutoka mlango huu huu wa Nyegezi saa kumi na moja alfajiri, kwa ndege ya saa mbili, kutua saa tatu na dakika 25, kuchukua mizigo, kisha kujivuta kwenye barabara ya Nyerere na kukunja kuelekea Tabata, huniweka kwa shemeji saa tano asubuhi. Saa sita. Uzi wa pili ni mara tano ya wa kwanza, na gharama yake kwa muda ni saa moja zaidi. Ndege hutoza ada ya kiingilio, na aliyekwenda karibu hulipa sawa na aliyekwenda mbali. Kadiri uzi unavyokuwa mfupi ndivyo kilomita moja ya angani inavyokuwa ya polepole, na nadhani hilo ndilo yule msichana alikuwa akilinusa bila kuwa na maneno yake.

Kwa miaka mingi hilo halikuwa na athari kubwa, kwa sababu njia nyingine za kwenda Kagera zilikuwa na ada zao. Meli huondoka Mwanza usiku na kuingia Bukoba asubuhi, ikipitia Kemondo, na kwa mtu kama mimi ingekuwa ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Lakini watu wa rika langu walikuwa vijana Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa njiani kuja Mwanza na mamia ya watu wakapotea, na wapo katika ukoo wetu ambao tangu siku hiyo hawajakanyaga sitaha ya meli. Sitawashawishi. Barabara, kwa upande wake, hulizunguka ziwa kwa zaidi ya kilomita 400, kupitia Sengerema, Geita, Katoro na Muleba, na hapo katikati ilikuwapo Ghuba ya Mwanza, ambayo ilivukwa kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Kwenye daftari nina safari moja ambayo basi letu lilisubiri kivuko kwa saa mbili na dakika kumi ili livuke maji ambayo mtu aliyesimama ng'ambo hii anawaona ng'ombe wa ng'ambo ile.

Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, na kivuko kikaondoka katika hesabu. Miezi miwili baadaye nilikwenda tena kwa dada, na safari hii nilikwenda Nyegezi stendi, ambayo kutoka kwangu ni mwendo wa bodaboda wa dakika tano. Niliondoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri, basi likaondoka saa kumi na mbili kukiwa bado giza, kwa zile sababu za jua nilizokwisha kuzieleza. Darajani niliangalia saa: tulitumia dakika nne na kidogo kuvuka ghuba. Abiria wa mbele yangu, mzee wa Sengerema, alisema kuwa amechukizwa kidogo, kwa sababu pale kwenye kivuko ndipo alipokuwa akila samaki wake wa kukaanga.

Kabla ya kumaliza na Kemondo, niseme neno juu ya nyuzi nyingine za ziwa hili, maana huwa wanafunzi wananiuliza. Kutoka Mwanza hadi Entebbe ni kilomita 280 hivi, na hadi Kisumu ni kilomita 330, zote zikiwa fupi kuliko nusu ya uzi wa Dar es Salaam. Hata hivyo, siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, abiria wa Kisumu hulazimika kwenda kwanza Dar es Salaam au Nairobi, akae hapo kungoja, kisha arudishwe kuelekea ziwani, na ramani ya sentimita sita na nusu inageuka kuwa siku nzima. Wala hili si geni kwetu. Mwaka 1998, barabara ya kati ikiwa haipitiki kwa uhakika, nilikwenda chuoni Dar es Salaam kwa basi lililopitia Musoma, Sirari, Nairobi, Namanga na Arusha, zaidi ya kilomita 1,500, na tulipigiwa mihuri ya nchi ya kigeni ili tufike katika jiji kubwa la nchi yetu wenyewe. Kwenye kiti cha jirani alikuwapo mama aliyekuwa na kuku kwenye tenga, na kuku yule alivuka mipaka miwili bila hati.

Dada alikuwa amepiga simu nikiwa Muleba kuuliza nitafika saa ngapi. Sikutaja dakika. Nilimwambia kabla ya saa saba, naye akacheka na kusema kwamba basi hatabandika chochote jikoni hadi anione kwa macho yake. Nilishuka Kemondo saa sita na dakika 40, saa saba na dakika 25 baada ya kufunga mlango wangu, yaani dakika 45 tu zaidi ya ile safari ya ndege, kwa nauli ambayo sikuhitaji kuifikiria mara mbili, na bila kupitishwa mbele ya nyumba na kurudishwa. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, ndizi ziko kwenye ungo na bado hajamenya hata moja.

"Umewahi," alisema kwa mshangao, akanipa kisu.